Dhambi na Jinai: Imani, Siasa na Haki za Mashoga katika Miji ya Mlima Kenya



Kadhia ninayotaka kuianzia haikutokea Kampala wala Amsterdam, bali ilitokea hapa hapa Nyeri, katika mahakama ya ajira, mwezi wa Septemba 2016, pale jaji alipotoa hukumu mintarafu ya makasisi watatu wa Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Mlima Kenya Magharibi, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamesimamishwa utumishi kwa tuhuma za ushoga. Hukumu ilisema kwamba tuhuma hizo hazikupata ithibati, ikaamuru makasisi warudishwe kazini na walipwe fidia. Majina yao nayaacha kwa makusudi, kwa sababu katika miji yetu mtu akishatajwa kwa jambo hili, hukumu ya jaji, hata ikiwa safi namna gani, haimrudishii sitara aliyokuwa nayo, na mimi sikuja kumwongezea mtu mzigo. Lakini shauri lenyewe lastahili kutazamwa kwa karibu. Halikuwa shauri la jinai. Lilikuwa shauri la ajira tu, ambamo kinachoulizwa ni maswali makavu ya kila siku: mwajiri ana ushahidi gani, na je, mtumishi alisikilizwa kabla ya kuadhibiwa? Maswali hayo mawili ndiyo ambayo mazungumzo yetu ya kanisani na ya bungeni juu ya mashoga hayana desturi ya kuyauliza.

Kabla ya kuendelea, hapana budi niondoe shaka moja. Mimi ni mtu wa kanisani, wala siafikiani na wale wasemao kwamba dini ikae nyumbani na siasa iachiwe wanasiasa, kwani kama mambo yangekuwa hivyo, miji hii ingekuwa na heshima haba kuliko iliyo nayo. Nani kati ya wazee waliopo asiyemkumbuka David Gitari, aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki mwaka 1975, akatumikia Embu na kisha Kirinyaga, hata akawa Askofu Mkuu wa Kenya mwaka 1997? Serikali ya chama kimoja ilipoleta upigaji kura wa mlolongo, uliotumika katika uteuzi wa mwaka 1988, raia walipangwa mstari mchana kweupe nyuma ya wagombea wao, na aliyepata asilimia 70 akahesabiwa kuwa amekwisha kupita. Aliyesimama kwenye mstari mfupi alionekana na chifu, akaonekana na mwajiri wake, akaonekana na mwenye duka anayemkopesha sukari. Askofu huyu aliyakemea hayo mimbarini, Biblia mkononi, juma baada ya juma, mpaka Aprili 1989 wavamizi wakaizingira nyumba yake usiku; naye akapanda juu ya paa akapiga ukemi hata majirani wakafika. Hiyo ni imani ndani ya siasa, tena imani kali isiyouma maneno. Lakini tazameni ilielekea wapi: ilikuwa ikiitaka serikali iondoe mkono wake juu ya shingo ya raia. Askofu hakuuomba mkono huo kwa kazi yake mwenyewe.

Maana iko imani nyingine katika siasa, nayo pia tumeiona kwetu. Mwaka 1929 wamisionari wa Kiskoti, mstari wa mbele akiwa Dakta John Arthur wa misheni ya Kikuyu, waliwataka waumini na walimu, wa misheni ya Tumutumu wakiwamo, waweke alama ya kidole gumba kwenye tamko la kuikana tohara ya wasichana, la sivyo watengwe na ushirika wa kanisa. Na alama hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa kirore. Kwa insafu ni lazima niseme kwamba mintarafu ya madhara yenyewe wamisionari walikuwa na haki, kwa kuwa msichana anayekatwa mwili hana uwezo wa kukubali wala kukataa, na Kenya huru yenyewe ilikuja kuipiga tohara hiyo marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Walakini namna waliyoitumia, ya kumwekea mtu wino kidoleni na kumtishia riziki yake, iliwafukuza watu kwa maelfu. Watu wakaimba muthirigu, wimbo wa kuwapinga wamisionari, mpaka serikali ikaupiga marufuku mwaka 1930, wakajenga shule zao na makanisa yao, na jambo lililokuwa likielekea kujadiliwa nyumbani baina ya mama na binti likageuka kuwa bendera ya uzalendo. Upande wa pili wa mlima mambo yalikwenda vivyo hivyo. Baraza la Njuri Ncheke lilipopiga tohara hiyo marufuku huko Meru mwaka 1956, huku serikali ya kikoloni ikisukuma kwa nyuma, wasichana waliingia vichakani wakatahiriana wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, na katika miaka 3 iliyofuata watu zaidi ya 2,000 wakashtakiwa katika mahakama za Kiafrika. Basi ikiwa amri ya dola ilishindwa hivyo hata pale ambapo palikuwa na mtoto wa kuokolewa, tutarajie itende nini pale ambapo hapana aliyedhurika, ambapo watu wazima wawili wamekubaliana nyuma ya mlango uliofungwa?

Sasa tuitazame sheria yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoitetea wanaitetea kama urithi wa wazee. Fungu la 162 la Kanuni ya Adhabu laadhibu kile kinachoitwa maingiliano kinyume cha maumbile kwa kifungo cha miaka 14, na fungu la 165 laadhibu uchafu baina ya wanaume kwa miaka 5. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwezi wa Agosti 1930, mwaka ule ule ambao muthirigu ulipigwa marufuku, nayo ilinakiliwa kwa sehemu kubwa kutoka kanuni iliyotungwa Queensland, Australia, mwishoni mwa karne ya 19, ikapitia Nigeria kabla ya kutufikia sisi. Katika Baraza la Kutunga Sheria la siku hizo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kwa hiyo mzee wa Tetu au wa Othaya hakuulizwa, wala mbari yake haikuulizwa, wala hapana kiama, yaani baraza la wazee, kilichokaa chini ya mti kulijadili jambo hili. Ajabu ni kwamba wanasiasa wale wale ambao Jumatatu hulaani sheria za wakoloni juu ya ardhi, Jumapili huishika hii kama sanduku la agano.

Najua nitajibiwa kwamba Jomo Kenyatta aliandika, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya desturi za Wagikuyu, kuwa ushoga haukujulikana kwao. Aliandika hivyo, na mimi sibishani na marehemu. Lakini Wagikuyu hao hao walimruhusu mwanamke, aghalabu mjane asiye na mrithi, aoe mwanamke mwenziwe kwa mahari kamili ili nyumba isife. Na ijapokuwa ndoa hiyo haikukusudiwa kuwa ya mapenzi, na sitaki mtu aondoke hapa akidai nimesema ilikuwa hivyo, yatosha kuonyesha kwamba wazee walikuwa wapana wa fikra katika mambo ya nyumba kuliko wajukuu wao wanaozungumza kwa niaba yao. Nisikae sana hapa. Hoja ya mila ni hoja nyepesi, kwa kuwa hata jambo lisipokuwa la mila, hilo peke yake halilifanyi kuwa kosa la kumfungia mtu miaka 14.

Twende kwenye siasa za siku zetu. Mwaka 2014, Uganda ilipokuwa imewasha moto wake kwa sheria kali dhidi ya ushoga, mbunge wa Kiharu katika Murang'a, Irungu Kang'ata, alikuwa mbele katika kundi la wabunge lililodai sheria za ushoga zitekelezwe kwa ukali. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu, mbele ya majaji Aburili, Mwita na Mativo, ilikataa kuyafuta mafungu niliyoyataja, ikiegemea zaidi kifungu cha 45 cha Katiba kinachozungumzia ndoa ya mwanamume na mwanamke, ijapokuwa walioshtaki hawakuomba ndoa. Kisha ikaja tarehe 24 Februari 2023. Siku hiyo Mahakama ya Juu, kwa majaji 3 dhidi ya 2, iliamua kwamba chama cha kutetea haki za mashoga na wasagaji hakiwezi kunyimwa usajili kwa sababu ya wanachama wake walivyo. Haikuhalalisha tendo lolote, na mafungu ya 162 na 165 yakabaki yalivyo. Ilichosema ni kwamba hata mtu usiyempenda anayo haki ya kukutana na wenziwe na kuandikisha chama. Ungedhani anga limeanguka! Rais William Ruto akasema kuwa utamaduni na dini zetu haziruhusu ndoa za jinsia moja, jambo ambalo hapana aliyelileta mahakamani. Na Naibu wake wa wakati huo, Rigathi Gachagua, mwana wa Mathira, ambaye wengi kati yenu mlimpigia kura, akayaita mambo hayo ya kishetani. Mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma, akaandaa mswada wa kuzidisha adhabu, akaenda pia mahakamani kuomba uamuzi ule upitiwe upya, na Septemba mwaka huo huo ombi lake likatupwa.

Kwa nini wanasiasa wanalipenda sana jambo hili? Jibu mnalo, maana mmeliona kwa macho, wala sina haja ya kutaja parokia. Ibada inakaribia mwisho, magari makubwa yameegeshwa uwanjani, mheshimiwa amekaribishwa asalimie watu. Anashika maikrofoni, anasema Bwana asifiwe, anasema tena, anataja kiasi alichokuja nacho kwa ajili ya mabati ya ukumbi. Mbele yake wameketi wakulima ambao malipo ya kahawa yao yamechelewa na bonasi ya majani ya chai imepungua, nao wanangoja kusikia juu ya hayo. Naye, kwa kuwa hana la kuwaambia, anawauliza: Je, ninyi mnataka ushoga? Kanisa zima linajibu kwa sauti moja, Hapana! Makofi yanapigwa, bahasha inatolewa, magari yanaondoka, na kahawa haikutajwa. Hapana hotuba iliyo rahisi kuliko hiyo, kwa kuwa haigharimu bajeti, haimuudhi tajiri, na anayesemwa hayuko tayari kusimama ajibu, kwani akisimama amejishtaki. Makanisa yenyewe yamekwisha kuitambua hatari ya maikrofoni hii: Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwakataza wanasiasa kuhutubu madhabahuni mwaka 2021, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha fedha zilizotolewa na Rais mwenyewe. Ni hatua njema. Iliyobaki ni kutambua kwamba mheshimiwa hununua pia vitu visivyoonekana, na chuki juu ya kundi dogo ni mojawapo.

Hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kusomwa katika kila kanisa kutoka Karatina hadi Nanyuki, na ambalo mimi sikulisikia likisomwa katika hata moja. Tarehe 5 Februari 2023, siku 19 kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, ndege iliruka kutoka Juba kuelekea Roma, na ndani yake viongozi watatu waliokuwa wametoka pamoja kuwaombea amani watu wa Sudan Kusini wakasimama mbele ya waandishi wa habari: Papa Fransisko, Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, na Iain Greenshields, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti. Wote watatu walisema kwamba si haki kumfanya mtu mhalifu kwa sababu ya ushoga wake. Hebu wahesabuni vizuri. Wamisionari Wakonsolata waliofika nchi hii mwaka 1902, ambao mtawa wao Irene Stefani, Nyaatha wetu, alitangazwa mwenye heri papa hapa Nyeri mwaka 2015, walikuwa watu wa Papa. Waanglikana wetu chimbuko lao ni Canterbury. Wapresbiteri wa Tumutumu ni watoto wa Kanisa la Uskoti. Vyanzo vitatu vya Ukristo wa mlima huu vilikuwa ndani ya ndege moja, vikasema neno moja, nasi tulikuwa tukisikiliza redio nyingine.

Wala Papa hakubadili mafundisho. Mwezi uliotangulia alikuwa amekwisha kueleza, katika mahojiano na shirika la habari la Associated Press, kwamba iko tofauti baina ya dhambi na jinai, na kuwa ushoga si jinai. Katekisimu, ambayo kila katekista wa Mathari anayo, inafundisha kuwa tendo la ushoga halifai, na papo hapo inaamuru watu hao wapokewe kwa heshima na huruma bila kubaguliwa isivyo haki. Waanglikana nao wana habari kama hiyo. Mwaka 1998, Gitari akiwa ndiye Askofu Mkuu wa Kenya, maaskofu waliokusanyika Lambeth walipitisha kwa kura 526 dhidi ya 70 azimio lisemalo kuwa matendo ya ushoga hayapatani na Maandiko. Azimio hilo linajulikana kwetu sana. Lisilojulikana ni kwamba azimio hilo hilo, katika maneno yake mengine, linawaahidi mashoga kuwa watasikilizwa na linaikemea hofu isiyo na akili juu yao. Tumeisoma nusu moja ya karatasi miaka yote hii. Na miaka zaidi ya 30 kabla ya hapo, Uingereza ilipokuwa ikijadili kuifuta sheria yake yenyewe, ambayo ni mama wa sheria yetu, Askofu Mkuu wa Canterbury Michael Ramsey alisimama katika Baraza la Malodi akaunga mkono kufutwa, huku akishikilia kwamba tendo ni dhambi. Sheria ikafutwa kwa sehemu mwaka 1967. Askofu aliona waziwazi kwamba zinaa pia ni dhambi, na hapana Mkristo anayetaka polisi wavunje milango ya nyumba za wageni za Nyeri kila Ijumaa usiku. Maana, tusifichane, seli za gereza la King'ong'o zisingetosha.

Nimeulizwa mara nyingi: na watoto wetu je? Swali hilo ni la mzazi, nalistahi. Jibu ni kwamba mtoto analindwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo haiulizi kama mhalifu alimwendea mvulana au msichana, nayo ni kali kama inavyopasa. Mwanamke aliyeileta sheria hiyo bungeni ni Njoki Ndung'u, na Njoki Ndung'u huyo huyo ni mmoja wa majaji watatu waliokubali chama cha mashoga kisajiliwe. Mtu aliyewatetea watoto wetu kwa kalamu yake, wakati wabunge wanaume walipokuwa wakimcheka, hakuona ukinzani baina ya mambo hayo mawili. Fungu la 162 kazi yake ni nyingine. Ni nadra kumfikisha mtu gerezani; kazi yake hasa ni kumpa silaha anayetaka kumnyang'anya kijana simu na akiba kwa kitisho cha kumtangaza, na mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji bila notisi. Lilipata hata kuwapa maofisa kisingizio cha kuwapima washukiwa sehemu zao za siri kwa nguvu, mpaka Mahakama ya Rufani ya Mombasa ilipoliharamisha jambo hilo Machi 2018. Kijana aliyedhulumiwa hivyo haendi kituo cha polisi, kwa sababu ili aseme ameibiwa, lazima kwanza aseme alikuwa akimngoja nani.

Wengine husema: waumini hawatakubali. Mimi nina imani kubwa zaidi na waumini wa mlima huu. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waikatae Katiba mpya kwa ajili ya mahakama za kadhi na suala la utoaji mimba. Watu wakaenda Jumapili wakasikiliza kwa adabu, wakapokea komunyo, na tarehe 4 Agosti wakaipigia Katiba hiyo kura ya ndiyo kwa wingi mkubwa, kama ilivyopigiwa na karibu asilimia 67 ya nchi nzima. Hawakuacha kanisa. Walitambua tu kuwa hapa ni madhabahu na pale ni sanduku la kura, na Katiba waliyoipitisha, ambayo utangulizi wake wamkiri Mungu, inasema katika kifungu cha 8 kwamba dola haina dini.

Basi nina maombi mawili, nayo si makubwa. Kwenu makasisi, wachungaji na wazee wa kanisa: endeleeni kufundisha mnachoamini kuwa ni dhambi, hiyo ni haki yenu na wala hapana serikali yenye ruhusa ya kuwanyamazisha, lakini isomeni karatasi ya Lambeth yote na aya ya Katekisimu yote, na mheshimiwa akianza kuuliza swali lake la Jumapili, mwombeni kwa heshima arudi kwenye kahawa. Na kwenu wabunge wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Meru na Laikipia: mafungu ya 162 na 165, kwa kadiri yanavyowagusa watu wazima waliokubaliana, yaliandikwa bila sisi, na kuyaondoa hakuhitaji ruhusa ya London, ya Roma wala ya Canterbury. Kunahitaji mswada mfupi na mbunge mmoja wa kuuleta. Nawaomba mmoja wenu awe ndiye.